Oltaneta ilikuwa nzima, fundi hakutaka kuulizwa

Swali nililomuuliza lilikuwa fupi, na niliuliza kwa adabu: "Samahani fundi, umeshaipima?" Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye injini. "Bosi, hapa fundi ni wewe au ni mimi?" Vijana wake wakaangua kicheko. Mengine yote ningeyameza, maana gari likizeeka linasumbua na hata fundi hodari huteleza. Lile jibu ndilo limenikwama kooni.

Gari lenyewe ni la zamani, la kabla ya hizi soketi za kuchomekea mashine ya kusoma hitilafu. Marekani ilizifanya za lazima kwa magari mapya ya kuanzia 1996, na langu limetangulia. Kwa hiyo hakuna kompyuta ya kukuambia ubovu uko wapi. Ni macho, mita ya umeme na subira. Dalili nilizompelekea zilijieleza. Asubuhi stata, ile mota ya kuwashia injini, inazunguka kivivu, siku nyingine inagonga "tak" na kunyamaza. Usiku taa za mbele zinafifia, na ukiwasha indiketa taa za dashibodi nazo zinapepesa pamoja nayo. Na kubwa kuliko zote, nilimweleza kwamba nikipiga stata mfululizo, kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli, inapata moto. Akasema hilo ni joto la injini.

Joto la injini gani, wakati injini haijawaka?

Akaanza na betri. Ikafungwa mpya, gari likawaka vizuri kwa siku kadhaa, nikamsifu kwa watu. Kisha tatizo likarudi vilevile. Safari hii akasema ni oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, na namna alivyoipima ndiyo inayonitia hasira mpaka leo. Aliwasha gari, akachukua spana, akachomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma! Likakohoa, likazima. "Unaona? Oltaneta imekufa." Jamani, hicho si kipimo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiichomoa ghafla wakati inachaji, volti zinaweza kuruka juu na kuunguza dayodi, vile vipande vya elektroniki vilivyo ndani ya oltaneta yenyewe, au redio, au kifaa chochote cha elektroniki kilichomo. Yaani oltaneta nzima unaweza kuiua kwa kuipima hivyo. Hapo ndipo nilipouliza lile swali langu, na hapo ndipo nilipojibiwa vile.

Oltaneta nyingine ikafungwa. Ile ya kwanza nikang'ang'ania kuondoka nayo, akanikabidhi huku anasonya. Haikupita muda, asubuhi moja: "tak". Kimya.

Fundi wa pili ni kijana asiye na maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye habari ya kebo kupata moto akatabasamu, kama aliyeshapata jibu. Lakini hakubadilisha chochote. Alitoa mita. Betri imepumzika: volti 12.6, imejaa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini penyewe, akaniambia nipige stata. Hapo mita inatakiwa ionyeshe karibu na sifuri. Ikipita nusu volti kuna jambo. Ilionyesha zaidi ya volti 3. Kisha akachukua waya mnene wa kushtulia betri, akaunganisha injini moja kwa moja na negativu, akasema, "Jaribu sasa." Stata ikazunguka kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

Ulikuwa waya wa ethi, ule mpana uliosukwa unaounganisha injini na bodi. Chini ya bolti palikuwa na kutu, na nyuzi zake nyingi zilishakatika. Umeme wa stata lazima urudi kwenye betri, na ukikosa njia yake unatafuta nyingine yoyote ya chuma, ndiyo maana ulikuwa unapita kwenye kebo ya mafuta na kuichemsha. Kijana alifunga waya mpya, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Oltaneta yangu ya kwanza akaipima pembeni: volti 14 na ushei, haina tatizo lolote.

Sasa nimtendee haki yule wa kwanza. Ethi mbovu inadanganya kweli. Oltaneta inaweza kuwa inatoa volti zake zote huku kwenye betri hazifiki, na mtu akipima kwenye betri peke yake atailaumu oltaneta bila kukusudia ubaya. Na kazi ya mikono yake ni safi: bolti zimekazwa, mkanda umevutwa sawasawa, hakuna waya uliobaki unaning'inia. Kwa kufunga spea ningemrudia. Nilikuwa niandike hivyo, kwamba mpelekee kazi ya kufunga, ya kutafuta ubovu mpelekee mwingine.

Ila hakupima hata kwenye betri! Kifaa chake cha umeme ni balbu yenye waya mbili. Balbu ndogo inawaka hata kwenye ethi iliyooza, kwa sababu inavuta umeme kidogo, wakati stata inataka ampea mia na zaidi. Kwa hiyo kila alipogusisha, balbu iliwaka, naye akaridhika. Na mteja akimpa dalili inayokwenda moja kwa moja kwenye ubovu, anaambiwa ni joto la injini, kisha anachekwa.

Basi hata kufunga spea simpelekei. Nimesitasita vya kutosha. Ukiwa na gari la zamani lenye taa za kupepesa, kabla hajagusa spana mwombe fundi wako akuonyeshe mita yake, na iwe na betri ndani.