Kusimika baraza la washairi juu ya Tomcat 10: uzoefu wangu

Kikundi chetu cha washairi hapa Tanga kimekuwa kikijibizana kwa simu tu, na kila mwanachama anayebadilisha simu hupoteza nusu ya mashairi. Kwa sababu hiyo nilipewa kazi ya kusimika baraza la mtandaoni, ambamo kila shairi litakaa na majibu yake chini yake. Nilichagua programu huria ya zamani iliyoandikwa kwa Java, nikakodi seva ndogo ya Linux yenye kumbukumbu ya GB 1, na juu yake nikaweka Apache Tomcat 10, yaani programu ya seva inayoendesha programu za wavuti zilizoandikwa kwa Java. Tathmini hii ni ya Tomcat zaidi kuliko ya programu yenyewe, maana huko ndiko muda wangu ulikokwenda.

Kuiweka Tomcat si kazi. Unapakua faili lililobanwa, unalifungua, unaendesha startup.sh, na ukiiita seva kwa namba ya mlango 8080 kwenye kivinjari, ukurasa wa kukaribisha unatokea. Programu ya wavuti huja kama faili moja la .war, nalo huwekwa ndani ya folda ya webapps, Tomcat ikalifungua yenyewe. Nilifanya hivyo, nikasubiri, nikapata 404, yaani ukurasa haupatikani.

Jioni mbili zikapotea hapo. Katika catalina.out, faili ambamo Tomcat huandika matukio yake, kulikuwa na mstari uliosema kwamba kipengele kimoja au zaidi cha programu kimeshindwa kuanza, na kwamba maelezo kamili yamo katika faili jingine la matukio. Niliusoma mstari huo mara nyingi bila kuutii. Nikabadilisha toleo la Java, nikaiongezea Tomcat nafasi ya kumbukumbu, nikafuta kila kitu na kuanza upya. Mzee wetu wa kikundi alipopiga simu kuuliza, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza papo hapo, "Baraza limefunguliwa, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu ila "Bado, mzee." Kumbe faili linalokusudiwa ni lile ambalo jina lake huanza kwa localhost na kufuatwa na tarehe, nalo limo katika folda ileile ya logs. Humo iliandikwa waziwazi kwamba javax/servlet/ServletContextListener, kipande cha Java ambacho programu ilikitegemea, haikupatikana.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, sehemu ya Java inayohusu programu za seva, kwa shirika la Eclipse Foundation, lakini jina la javax lililotangulia vifurushi vyake halikuruhusiwa kuendelezwa huko, hivyo vifurushi vikapewa jina jipya la jakarta. (Jakarta, kwa asiyekumbuka ramani, ni mji uliomo katika kisiwa cha Java.) Tomcat 9 bado inalijua jina la zamani, ilhali Tomcat 10 inalijua jipya tu, kwa hiyo programu iliyoandikwa miaka mingi iliyopita inapoita javax haipati wa kuitika. Programu haikuwa mbovu, wala Tomcat haikuwa na kosa; mimi ndiye niliyechukua toleo jipya kwa kudhani kwamba jipya ndilo bora.

Ningeweza kurudi Tomcat 9, na kwa mtu mwenye haraka hiyo ndiyo njia ninayompendekezea. Hata hivyo Tomcat 10 ina mlango wa uani ambao wengi hawaujui: ukiunda folda iitwayo webapps-javaee kando ya webapps na kuliweka humo faili la .war la zamani, Tomcat hulibadilisha majina yenyewe na kuiweka nakala iliyogeuzwa ndani ya webapps. Niliyafuta kwanza mabaki ya jaribio la awali, nikaiwasha, na safari hii ukurasa wa kwanza ulifunguka. Kwangu hili ndilo jambo bora kuliko yote katika toleo hili.

Picha zilikataa kupakiwa kwa siku moja, kwa kuwa mara ya kwanza niliiwasha Tomcat kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa Linux, na folda zikabaki mali ya root. Amri ya chown, inayobadilisha mwenye faili, ilimaliza hilo.

Kisha mzee akapiga tena. "Nimeandika baada ya swala ya isha, mbona hapa panaonyesha saa kumi na moja na dakika kumi, kabla hata ya magharibi?" Seva ya kukodi ilikuwa ikienda kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Niliunda faili la setenv.sh ndani ya folda ya bin, nikaweka katika CATALINA_OPTS, mahali pa kuipa Tomcat maelekezo ya kuanzia, maneno -Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam, na mashairi yaliyoandikwa baada ya hapo yakaonyesha saa sahihi.

Mwisho, kijana mmoja alitia ua la waridi la kikaragosi (emoji) mwishoni mwa beti zake, na MySQL, hifadhidata inayotunza mashairi, ikalikataa shairi zima. Hati ya usakinishaji ya programu iliziunda jedwali kwa utf8, namna ya kuhifadhi herufi ambayo katika MySQL hubeba herufi za baiti zisizozidi 3, ilhali kikaragosi kile kinahitaji 4. Nilizigeuza jedwali kuwa utf8mb4, likapita.

Tomcat 10 naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya lile faili la localhost.