Pikapu Tatu za Dizeli na Chumvi ya Ngomeni

Mteja anayeingia katika duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Malindi huuliza kwanza bei ya saruji, kisha huuliza kama bei hiyo ni pamoja na kumfikishia mzigo. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niwe mtu wa pikapu. Kwa miaka mingi nimepeleka saruji, nondo, mabati na mawe ya kujengea Ganda, Kakoneni, Marafa, Mambrui hadi Ngomeni, na katika muda huo nimezitumia, kwa kununua au kwa kukodi, aina tatu za pikapu za dizeli ambazo mnunuzi wa huku pwani huzipigia hesabu usiku kabla hajalala: Toyota Land Cruiser 79, Isuzu D-Max na Toyota Hilux. Ninayoyaandika hapa ni maoni ya mtu anayebeba mizigo. Anayetafuta gari la kwendea harusini atayakuta maneno yangu makavu.

Niyaweke kando kwanza magari ya Kimarekani, kwa sababu vijana wa dukani hunionyesha picha zake kila wiki. Ni kweli kwamba ukizungumzia nguvu, hakuna cha kuyafikia. Ford Super Duty ya mwaka 2023, katika injini yake kubwa ya dizeli ya V8 ya lita 6.7, imetajwa kuwa na nguvu farasi 500 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha inayolivuta gari na mzigo wake, wa zaidi ya Nm 1,600. Ram hutumia injini ya Cummins ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, nayo ni ya lita 6.7, na Chevrolet Silverado HD ina Duramax V8 ya lita 6.6. Lakini magari hayo yametengenezwa na usukani wa kushoto, na kanuni za Kenya haziruhusu gari la kawaida la namna hiyo kusajiliwa. Hata kama zingeruhusu, gari lenye upana wa zaidi ya mita mbili kabla hujahesabu vioo litapita wapi katika vichochoro vya Shela hapa Malindi? Tuyaache kwao, ambako hukokota matela ya ng'ombe katika barabara pana.

Land Cruiser 79 ninayoijua ni ile yenye injini ya 1HZ. Ni injini ya silinda sita, ya sentimita za ujazo 4,164, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1990, haina tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa mitambo mitupu bila kuamrishwa na kompyuta. Ukitazama karatasi utacheka, kwa maana nguvu zake ni farasi takriban 130 na msokoto wake ni Nm 285, yaani gari dogo la kisasa la kifamilia laweza kuishinda. Katika barabara ya Mombasa unacheka zaidi. Ukipakia mifuko ishirini ya saruji, ambayo ni tani moja kamili, matatu zote zitakupita, na baada ya matatu zitakupita probox zilizobeba maembe. Ndani kuna kelele, na likiwa tupu linakurusha kiasi kwamba utingo wangu hukataa kunywa chai kabla ya safari ya kurudi.

Hata hivyo, acha lami pale Gongoni ukate kuelekea Ngomeni, au ondoka Marafa mvua ikiwa imenyesha na ule udongo mwekundu umegeuka sabuni, ndipo utakapojua kwa nini gari hili halishuki bei. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, lina springi nzito nyuma, na injini yake huvuta polepole kutoka chini bila ya kuhitaji kuchochewa. Unateremka, unafunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, unaingiza gia ya pili, kisha unaliacha lijipandie lenyewe. Niliwahi kupanda nalo kingo za mto Sabaki nikiwa na nondo zilizochomoza nyuma kama mkia wa samaki taa, na mguu wangu haukugusa klachi tangu chini hadi juu.

Lina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba injini hii sahili kuliko zote ndiyo yenye belti ya taimingi, ile inayoziendesha valvu kwa kupatana na pistoni, hali wapinzani wake wa kisasa hutumia mnyororo. Belti hiyo ikikatika, valvu hugongana na pistoni, na hesabu yake ni ya kuumiza. Dashibodi ina taa ya kukumbusha ambayo huwaka kilomita 100,000 zinapotimia, lakini anayenunua gari lililotumika asiifanye taa hiyo kuwa shahidi, kwa sababu fundi anaweza kuizima bila belti yenyewe kuguswa. Fungua kifuniko utazame. Jambo la pili ni dogo: la kwangu lilikuwa la kijani, na kila nilipoingia Chakama jioni wanywaji wa mnazi walitawanyika wakidhani ni polisi. Nilipoteza wateja kadhaa kwa njia hiyo hadi walipozoea honi yangu.

Isuzu D-Max ni habari nyingine. Aina iliyoanza kuonyeshwa Thailand mwaka 2019, yenye injini ya lita 3.0 iitwayo 4JJ3, ina nguvu farasi 190 na msokoto wa Nm 450, na msokoto huo unapatikana kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika, yaani kabla injini haijaanza hata kupiga kelele. Kwa mtu wa mizigo, namba ya mwisho ndiyo ya kuisoma. Farasi 190 utazitumia siku ambayo umechelewa. Msokoto wa chini utautumia kila unapoondoka na tani moja nyuma. Kutoka Malindi hadi Mombasa, kilomita zipatazo 120, D-Max iliyojaa hukaa katika mwendo wa magari mengine bila kuhangaika. Kwa hesabu ya daftari langu hunipa kilomita kumi kwa lita nikiwa na mzigo wa wastani, wakati ile 79 hunipa saba, na siku njema nane. Mwenye duka anayetoka mara tatu kwa siku haihitaji kalamu kuona tofauti hiyo.

Kinachonipendeza zaidi katika D-Max hakimo ndani ya D-Max. Nchi hii imejaa malori na matatu za Isuzu, na kampuni hiyo inaunganisha magari yake Nairobi, kwa hiyo mafundi wameizoea lugha yake. Hata fundi wa chini ya mwembe kule Kakoneni anajua kuisikiliza injini ya Isuzu, na spea za kawaida, kama filta, sahani za klachi na bushi, hupatikana Malindi mjini bila kuagizwa. Wazee bado huiita TFR, jina la pikapu za Isuzu za zamani, na sijawahi kumsahihisha yeyote. Udhaifu wake kwa macho yangu ni mbele, ambako kila gurudumu lina mikono na koili zake badala ya ekseli nzima. Mpangilio huo ndio unaoipa ulaini barabarani, lakini kwenye mashimo ya kila siku bushi na bolijointi zinahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi.

Kuhusu Hilux sitasema mengi. Imekuwapo tangu mwaka 1968, na ile ya lita 2.4 yenye gia tano za mkono ina msokoto wa Nm 343, ambao unatosha mizigo ya kadiri. Kuna ya lita 2.8 iliyo na nguvu zaidi, ila bei yake inakukaribisha kwenye mlango wa Land Cruiser bila kukuingiza ndani. Ni gari lililotengenezwa vizuri, viti vyake havichoshi, na anayebeba mashine za maji asubuhi kisha watoto wa madrasa jioni atalipenda kuliko hayo mengine mawili, hasa la kabini mbili. Mimi kila nilipolikodi nililirudisha nikiwa nimeridhika, na sikuona sababu ya kulinunua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mnunuzi alitafakari kuliko namba zote za hapo juu. D-Max na Hilux za kisasa hupuliza dizeli kwa nozeli zinazoamrishwa na kompyuta na kwa shinikizo la zaidi ya bar 2,000. Kwa shinikizo hilo dizeli lazima iwe safi, na si kila tangi katika njia zetu lina dizeli safi. Pikapu niliyokuwa nayo kabla ya hizi, ambayo sitaitaja aina yake wala kituo nilikoijazia, ilizimika nje kidogo ya mji, baada ya dereva wangu kuiona taa ya maji kwenye filta na kuamua kwamba itajizima yenyewe. Fundi alikuja na chupa ya soda iliyo tupu, akafungua koki ya filta, akaijaza nusu, kisha akainyanyua dhidi ya jua. Juu kulikuwa na dizeli ya rangi ya asali. Chini, kwa kimo cha vidole vitatu, kulikuwa na maji meupe.

“Ami,” akaniambia, “hili gari limenyweshwa maji ya kisima.”

“Nozeli zimepona?”

“Zingekuwa za Land Cruiser ya zamani ningekwambia tusafishe tangi tuondoke. Hizi, ami, mpaka Mombasa zikapimwe.”

Nozeli nne na pampu zilinigharimu zaidi ya faida ya msimu mzima wa ujenzi. Tangu siku hiyo ninafunga filta ya ziada ya kutenganisha maji katika kila gari jipya kabla halijabeba mfuko wa kwanza, ninajaza mafuta katika kituo kimoja tu chenye wateja wengi, na dereva wangu ana ruhusa ya kusimama popote, hata mzigo ukichelewa, taa hiyo ikiwaka. Ile 1HZ nayo haipendi maji, asikudanganye mtu, lakini husamehe kosa ambalo hizi nyingine huliandikia ankara.

Halafu kuna chumvi, na hapa sioni aina yoyote iliyo bora kuliko nyingine. Kuanzia Gongoni kwenda mbele kuna mashamba ya chumvi, na njia ya Ngomeni ikiwa mbichi hurusha tope lenye chumvi hadi juu ya tangi. Tope hilo huingia katikati ya majani ya springi, hujificha ndani ya kingo za bodi zilizokunjwa mara mbili, na huziba vile vitundu vya kutolea maji kwenye chesisi. Mwaka wa tatu wa 79 yangu fundi alilala chini yake na bisibisi, akaichokoa fremu karibu na kikalio cha springi ya nyuma, na bisibisi ikazama. Kwa juu rangi ilikuwa inang'aa. Tulikata kipande, tukachomelea bamba jipya, na tangu hapo nimeacha kuyatathmini magari yaliyotumika kwa kuyazunguka huku nikiwa nimesimama.

Basi ukiniuliza ununue lipi, nitakuuliza kwanza unakwenda wapi. Kwa anayefanya kazi kati ya Watamu, Malindi, Mambrui na Mombasa, kwa lami na murram ya kawaida, D-Max ya lita 3.0 yenye kabini moja ndiyo chaguo langu bila kusitasita, na ndiyo inayonilipia mishahara. Kwa anayekwenda Ngomeni, Baricho na Chakama masika na vuli, na anayeweza kuvumilia bei yake, matumizi yake ya mafuta na mwendo wake wa ngamia, 79 yenye 1HZ bado haijapata mpinzani, na siku atakapoiuza atakuta foleni ya wanunuzi mlangoni. Ukipata fedha ya gari moja tu na njia zako ni mchanganyiko, nunua D-Max yenye magurudumu manne ya kuvuta, weka filta ya pili, na fedha iliyobaki uiweke kwa ajili ya springi na bushi.

Mimi nimebaki nazo mbili. D-Max hulala dukani. Ile 79 hulala nyumbani, na kila inaporudi Ngomeni huoshwa tumbo kwa mpira wa maji kabla tope halijakauka, utingo akianza na vitundu vya chesisi kwa kijiti cha mkuti. Kisima kipo hatua chache kutoka hapo, lakini maji yake ni ya magadi kama visima vingi vilivyo karibu na ufuo, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure, kwa hiyo nimeliwekea gari hilo tangi lake la maji ya bomba yatokayo Baricho. Mke wangu anasema linatumia maji mengi kuliko watoto. Nimepima, na ni kweli.