Polarimita ya laki nane na nusu: mwaka mmoja wa kupima asali Dodoma

Nafungasha asali nyumbani, Nkuhungu. Naichukua Itigi na Manyoni kwa ndoo za lita 20, nachuja, najaza chupa. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa maabara shuleni kwa miaka 11, kwa hiyo wateja walipoanza kuniuliza, "Dada, hii haijachanganywa sukari?", sikuweza kuwajibu kwa njiti ya kiberiti au tone la asali kwenye mchanga. Vipimo hivyo vinakuambia habari ya maji tu. Nikaagiza polarimita Kariakoo, chombo kinachopima jinsi sukari inavyousokota mwanga, ya mezani, ya kuchungulia kwa jicho. Ilikuja kwa basi, laki nane na nusu pamoja na usafiri.

Ndani ya boksi kuna taa ya sodiamu, mirija miwili ya kioo (sentimita 10 na 20), na sahani yenye vernia (mistari midogo ya kusomea sehemu za nyuzi) inayosomeka hadi nyuzi 0.05. Taa inatoa mwanga wa njano wa nanomita 589. Mwanga ule unalazimishwa kutikisika upande mmoja tu, kisha unapita kwenye mrija. Molekuli za sukari zina mkono, kama kandambili ya kulia na ya kushoto, na zinausokota mwanga, yaani zinaugeuza ule upande unaotikisikia. Unachungulia duara lenye vipande vitatu, unazungusha sahani mpaka vyote vifanane kwa giza, unasoma nyuzi. Glukosi husokota kulia, na sukrosi, ile sukari ya dukani, vilevile. Fruktosi husokota kushoto, tena kwa nguvu kuliko glukosi. Asali ya maua ina fruktosi nyingi, kwa hiyo kwa kawaida jumla yake huenda kushoto. Aliyemimina sharubati ya sukari huirudisha kulia.

Usahihi wake umeniridhisha. Gramu 10 za sukari ya dukani katika mililita 100 za maji, mrija wa sentimita 20, inapaswa kutoa nyuzi 13.3. Mimi nilipata 13.25, nikarudia mara tatu, haikuhama. Kwa chombo cha bei hii ni kazi nzuri sana.

Kinachosumbua ni matumizi. Taa inahitaji dakika kama kumi kutulia, na umeme ukikatika unaanza upya. Asali nyeusi ya miombo inazuia mwanga hadi huoni kitu, lazima uisafishe kwanza kwa dawa na kuichuja. Vifuniko vya mrija usivikaze kwa nguvu, kioo kikibanwa nacho kinasokota mwanga na kukudanganya. Halafu kuna joto letu. Vipimo vya vitabuni ni vya nyuzijoto 20, na fruktosi hubadilika haraka joto likipanda, kwa hiyo mwezi wa Novemba napima saa kumi na moja alfajiri.

Sasa niseme kilichoniuma. Mwezi wa saba nilichota asali iliyoganda kutoka kwenye ndoo ya mzee mmoja wa Itigi ambaye nimefanya naye kazi tangu mwanzo. Nikaiyeyusha kwenye maji, nikapima papo hapo: +0.9. Kulia! Nikampigia simu kwa hasira. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mzinga wangu haujui sukari." Usiku sikulala. Asubuhi nikapima tena maji yale yale: −1.4. Nikakumbuka nilichokuwa nikiwafundisha watoto wa kidato cha sita: chembe za glukosi zilizoganda zikiyeyuka husokota kulia kwa 112 kwa kipimo cha vitabuni, kisha umbo lake hujibadilisha taratibu mpaka litulie kwenye 52.7. Nilipima kabla halijatulia. Nilipanda basi hadi Itigi, nikamwamkia shikamoo, nikaomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Ukinunua chombo hiki, sampuli ilale usiku kucha kabla hujaisoma. Karatasi ya maelekezo haikulitaja hilo hata kwa neno moja.

Udhaifu mkubwa zaidi hauko kwenye chombo hiki peke yake. Polarimita inakupa namba moja, wakati maswali ni mawili: kuna kiasi gani, na ni safi kiasi gani? Chukua asidi ya tartariki, ile ambayo chumvi yake huganda kwenye mapipa ya mvinyo wa zabibu zetu za Hombolo. Louis Pasteur mwaka 1848 alitenganisha fuwele za chumvi yake nyingine kwa mkono, za kulia huku, za kushoto kule. Ukipata nusu ya msokoto uliotarajia, huenda una nusu ya kiasi kilicho safi kabisa, au kiasi kamili ambacho robo yake ni ya mkono mwingine. Jicho haliwezi kutofautisha. Mpwa wangu anayesoma kemia alinieleza wanavyolitatua kwa spektroskopia: mikono yote miwili hunyonya mwanga wa kawaida sawasawa, hivyo unyonyaji unakupa kiasi, halafu wanapitisha mwanga unaojipinda kulia na unaojipinda kushoto, na tofauti ya unyonyaji inaonyesha mkono upi umezidi. Mashine moja, majibu mawili. Bei yake siiwezi.

Mimi nimeongeza refraktomita ndogo ya mkononi inayonipa jumla ya sukari, nagawanya msokoto kwa hiyo jumla. Inasaidia sana. Ila sukari iliyochemshwa na asidi hadi ikavunjika kuwa glukosi na fruktosi inasokota kushoto kama asali, na hiyo vyombo vyangu vyote viwili vinaipitisha. Nimewaambia wateja wangu hivyo hivyo, waziwazi.

Kwa mfungashaji mdogo au mwalimu wa kemia, naipa nyota nne. Kwa anayetaka cheti cha kwamba asali haijachanganywa kitu kabisa, asinunue. Apeleke sampuli maabara kubwa. Mrija wa sentimita 10 sijautumia tangu Machi, anayeuhitaji kwa ajili ya shule aje auchukue bure.