psutil: nimepumzika na mambo ya kuchimba /proc

Wakuu, kwa wale mnaohudumia mashine za watu hapa Mbeya, huku Linux, kule Mac, na kuna kaseva ka FreeBSD (mfumo mwingine wa jamii ya Unix) kalikowekwa na mtu ambaye alishahama mji, hii psutil ni ya kwenu. Ni laibrari ya Python ya kusoma habari za prosesi, yaani programu zinazokimbia kwenye mashine, mwenyewe ni Giampaolo Rodolà, na ni bure kabisa.

Kiukweli ukiwa Linux tupu unaweza usiihitaji, we ingia tu /proc, folda ambamo Linux inaweka wazi habari za prosesi, kila prosesi ina folda yenye namba yake, fungua faili la status utaona VmRSS, yaani memori inayokaliwa saa hiyo, basi. Ila lile faili la stat lina mtego aisee, jina la programu liko kwenye mabano na lenyewe linaweza kuwa na nafasi au mabano ndani, sasa ukikatakata mstari kwa nafasi namba zote zinahama, unajua unasoma muda wa CPU kumbe ni kitu kingine kabisa, na huo muda wenyewe uko kwa tiki, mara nyingi 100 kwa sekunde, ukagawe mwenyewe. Ukienda Mac ndo hamna /proc kabisa. OpenBSD, ndugu yake FreeBSD, waliiondoa, FreeBSD ipo ila haijiwashi yenyewe, kaneli, yaani kiini cha mfumo, unaiuliza kwa sysctl. Yaani skripti ya duka la Mwanjelwa lenye Linux ukiipeleka ofisi ya Forest yenye mfumo mwingine inagoma.

Na psutil kodi (code) unayoandika ni ileile kote. Nilichoipendea zaidi, namba za prosesi huwa zinarudi kutumika, so kabla ya kuua prosesi inaangalia kwanza ile prosesi ilianza saa ngapi, isije ikaua isiyohusika.

Kasoro zipo. cpu_percent ukiiita mara ya kwanza bila kuipa muda inakupa 0.0, ndivyo ilivyo, iite tena. Mac bila ruti, yaani haki za msimamizi, prosesi za wengine unapigwa AccessDenied, umekatazwa kusoma. FreeBSD usihangaike na pip, kisakinishi cha Python, itataka kukompaili na mashine ya zamani utaisubiri mpaka chai ipoe, chukua kwa pkg, kisakinishi cha FreeBSD yenyewe. Na usiizungushe kila sekunde, itakula CPU yenyewe.

Nyota 4. Kama unataka kuangalia kwa macho tu nani anamaliza memori weka htop, programu inayoonyesha prosesi kwenye skrini, inatosha, hii ni ya yule anayetaka skripti imtumie meseji programu ya mauzo ikianza kuvimba usiku.