Kaunta buku ya kwaya 2: daftari la mwaka wa kujijenga katika hewa ya Lamu

Kijana wa Lamu anayetaka kuuandika mwaka wake, pale alipokua na pale alipoteleza, anunue kaunta buku ya kwaya 2. Kwaya hapa ni kipimo cha wingi wa kurasa: ya kwaya 2 ina kurasa 192 za ukubwa wa A4, jalada gumu, mgongo wa kitambaa. Ya kwaya 1, yenye kurasa 96, huisha mwaka ukiwa katikati. Ya kwaya 3 ina 288. Ni mzigo begani, na kurasa nyingi zitabaki tupu.

Shajara zilizochapwa tarehe hazifai kwa kazi hii. Ukiruka wiki mbili unakuta kurasa tupu zimekungoja, na wengi huachia hapo. Daftari la waya ndilo baya zaidi kisiwani: chumvi ya hewani huula waya, kutu huacha michirizi ya kahawia, halafu matundu yanararuka. Simu ni nyepesi kutafutia neno, lakini ikitumbukia gatini bila nakala mahali pengine, mwaka wote umezama nayo.

Dukani usilipe kabla ya kulifungua. Kaunta buku nzuri imeshonwa mafungu mafungu. Fungua katikati ya fungu moja, utauona uzi. Iliyogandishwa kwa gundi peke yake itaanza kuachia karatasi moja moja, maana unyevu hulegeza gundi. Tazama pia karatasi inayoshika jalada na kurasa. Ikiwa imeinuka pembeni, au jalada limepinda, hilo daftari limekaa mahali penye unyevu. Linuse. Likiwa na harufu ya uvundo, lirudishe rafuni, kwa sababu harufu hiyo haitoki.

Kalamu ni ya biro ya kawaida. Wino wake ni wa mafuta, haukimbii ukiguswa na maji. Kalamu nyingi za jeli ni wino wa maji: huteleza vizuri, lakini boti ya kuvukia Mokowe, ng'ambo ya bara, ikirusha maji mara moja ukurasa mzima unaweza kuwa wingu la buluu. Jaribu hivi: andika mstari kwenye ukurasa wa mwisho, ngoja dakika moja, pitisha kidole kilicholoa. Ukivutika, tafuta kalamu nyingine.

Sasa mpangilio, na hapa ndipo daftari lisilo na tarehe linapozishinda shajara zote. Mabaharia na wakulima wa pwani hii walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano. Kwa kujitazama, kipimo hiki ni bora kuliko wiki na mwezi. Katika wiki moja tabia haijaonyesha kitu. Mwezi ukipita, umeshasahau ulichosema Jumanne ya kwanza. Siku kumi zinatosha jambo kutokea, na bado unalikumbuka. Si lazima uanze Januari wala siku ya Nairuzi. Mwongo wako wa kwanza unaanza siku unayofungua daftari.

Hesabu inakaa sawasawa. Kurasa tano kwa kila mwongo ni 180. Mbili za mbele ni za orodha ya mambo na kurasa zake, kumi za nyuma ni za zile siku tano, mbili kwa kila siku, za kuusoma mwaka mzima. Kurasa hazina namba, kwa hiyo ziandike mwenyewe pembeni siku ya kwanza, 1 hadi 192, la sivyo orodha haina kazi.

Katika kurasa tano za kila mwongo, ukurasa wa kwanza ni wa yaliyotokea, wa pili pesa, wa tatu watu, wa nne kazi au ufundi unaojifunza. Wa tano uache mtupu. Utaujaza baada ya miongo mitatu, kwa wino wa rangi nyingine. Huo ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote. Kosa kubwa la waandishi wa namna hii ni maneno yasiyoshikika: "nimekomaa", "nimejifunza subira". Mwakani hayo hayapimiki. Linganisha na haya:

"Mwongo wa 9. Deni la dukani 1,800, nimelipa 600. Nilimkatiza mama maneno mbele ya wageni."

Na katika ukurasa wa tano, kwa wino mwekundu:

"Mwongo wa 12. Deni limekwisha mwongo wa 11. Mama nilimwomba radhi siku ya tatu, si siku ileile. Niliogopa aibu."

Mistari michache, na ukuaji unaonekana, pamoja na mahali ulipokwama.

Daftari halina kufuli, na nyumba zetu zina watu wengi. Majina ya watu yaandike kwa herufi moja. Siri ya mtu mwingine usiiandike kabisa, hata kama imekuumiza. Andika ulichofanya wewe.

Mahali pa kuliweka ndipo wengi wanapoliharibu. Kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, kinavutia, lakini kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji, na daftari linaloegemea ukuta wa nyuma huota ukungu, hasa masika. Liweke juu ya kibao, mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne, na kitu kizito juu yake ili jalada lisipinde. Likiloa, lisimamishe wazi kivulini penye upepo. Usilianike juani: jalada hukauka upande mmoja kabla ya mwingine, likapinda lisirudi. Anayevuka maji kila siku alibebe ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana. Na kabla ya kuanza kuandika lifunike kama vitabu vya shule, kwa sababu rangi ya baadhi ya majalada meusi hutoka yakiloa, na kanzu ikishika rangi hiyo haisafishiki.