Miezi tisa kwenye Hiace na mbwa, Mtwara hadi Lindi: uzoefu wangu

Chanzo ni mwenye nyumba. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Mtwara mjini, kodi nalipa miezi sita sita, hatujawahi kukwaruzana. Kisha nikaokota mbwa barabara ya Nanyamba. Alikuwa bado mdogo, jike, rangi kama bibo lililoanza kunyauka, ndiyo maana nikamwita Bibo. Mwenye nyumba alinistahi wiki mbili. Ya tatu akagonga mlango: "Kaka, chumba nilikupa wewe."

Kazi yangu ni kufunga sola vijijini. Kwa mwezi nilikuwa nalala nyumbani kama siku kumi tu, na Hiace ninayo, ya dizeli, nabebea paneli na betri. Nikajisemea hela ya kodi inayofuata niiweke kwenye gari, niongezee na akiba, nihamie humo mazima. Mara mbili tatu nimeulizwa kama inafaa, na majibu yangu huwa marefu, kwa hiyo naandika.

Gari nilimpelekea fundi seremala, jina lake naliacha. Tulikubaliana milioni mbili na laki sita, siku kumi. Zilikuwa ishirini na nne, nadhani hakuna atakayeshangaa. Alinipa kitanda cha mninga chenye droo chini, kabati la mninga kutoka sakafuni mpaka darini, meza ya kukunja, dari ya plaiwudi, kapeti jekundu ukuta hadi ukuta, na taa za kubadilika rangi ambazo sikuagiza. Kazi ya mikono, huna pa kumkosoa. Maungio hayaonekani. Siku naichukua, mafundi wenzake walikuja kupiga picha.

Kilichokosekana sikukiona siku ile. Dirisha la nyuma lilikuwa limeishia nyuma ya kabati. Kwa mtu anayerudi usiku, akafungua mlango, akalala, kile chumba kinatosha kabisa. Mimi nilikuwa na mkazi anayebaki ndani mchana.

Februari nilikuwa Lindi mjini, nina shughuli ya dakika kumi benki. Nikaegesha chini ya mkungu, kivuli kizuri, nikashusha vioo vya mbele vidole vinne, Bibo nikamwekea maji. Foleni ya benki mnaijua. Nilipotoka ilikuwa imepita saa nzima kasoro, na kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa barabara. Nina kipimajoto kidogo cha kuangalia joto la betri, nilikibandika pembeni ya kitanda. Kilisoma 44. Bakuli la maji lilikuwa limepinduka, kapeti limeyanywa. Bibo amelala ubavu, ulimi nje umekuwa wa zambarau, anahema mpaka kitanda kinatikisika.

Nilimbeba nikamlaza barazani kwenye kivuli, karibu na msikiti. Alikuwepo mzee mmoja wa kanzu ameketi anasubiri adhuhuri. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akaenda bombani, akarudi na kopo la plastiki la bluu limejaa. Hakunikabidhi mkononi. Aliliweka chini hatua mbili kutoka kwangu, akarudi nyuma. "Mmwagie tumboni na kwenye nyayo, kijana. Kichwani kidogo kidogo." Nikamwagia. Akasema, "Mnywesha mbwa alisamehewa, wewe huijui hiyo?" Nikarudi bombani mara nne. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza damu kwa kuhema, na hewa anayohema ikiwa ya moto hana pengine pa kukimbilia. Kama robo saa hivi akainua kichwa, akaanza kulamba lile kopo.

Mzee akaliangalia kopo, akaniangalia. "Hilo sasa ni lako. Na gari isogeze, watu wanakuja kuswali."

Nikashukuru, nikaondoka nalo. Ninalo mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuitengeneza gari upya. Nilitoboa dari matundu mawili na sakafu matundu mawili, nikafunga feni nne za kompyuta, zile za volti 12 zinazopoza mashine. Mbili zinavuta hewa kutoka chini ya gari upande wenye kivuli, mbili zinasukuma joto nje juu. Zote nne kwa pamoja hazifiki wati 12, unaweza kuziacha zikizunguka kutwa kucha. Juu ya matundu ya dari nilikata dumu la mafuta vipande viwili nikaweka kama kofia, nikaziba na silikoni. Mvua ya Machi ilivuja upande mmoja, nikaziba tena. Ni kazi ya siku moja na hela ya nauli ya kwenda na kurudi Masasi, na imenisaidia kuliko mninga wote.

Hapa kuna kichekesho kwa fundi sola mwenzangu. Nilikuwa nimefunga paneli ya wati 200 juu ya paa, betri ya jeli ya volti 12, 100Ah. Betri hiyo ina wati-saa 1,200, na kwa kuwa jeli hutakiwi kuivuta zaidi ya nusu kama unataka ikae, unabaki na 600. Feni ya kulalia ya wati 20 saa kumi ni 200, taa, simu na kompyuta, unamaliza siku vizuri. Lakini paneli inataka jua na mbwa anataka kivuli. Chini ya mti, hata tawi moja likifunika seli chache, umeme wa paneli nzima unaanguka. Nilihangaika mwezi mzima nasogeza gari nyuma na mbele. Mwisho niliishusha paneli, nikanunua waya wa mita kumi, naitandaza mchangani juani, gari inakaa kivulini. Kuku wa watu wanalala chini yake, ila basi.

Kwa hiyo maisha yote ni kutafuta mti. Mtu wa Kusini atasema mikorosho imejaa, tatizo liko wapi? Mkorosho unashusha matawi mpaka chini, kivuli chake kizito, gari inaingia kama bandani. Ila kuanzia Juni mpaka Agosti watu wanapulizia unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Alfajiri moja nje kidogo ya Tandahimba niliamka kwa mlio wa mashine ya kupulizia, mlango wa pembeni uko wazi nusu, Bibo ametoka kujisaidia. Alirudi wa njano. Macho mekundu, anapiga chafya mfululizo, anajisugua usoni kwa miguu ya mbele. Nilimwosha macho kwa maji safi hadi dumu la lita ishirini likaisha. Mwenye shamba alinionea huruma, ila alikuwa na haki yake: shamba lake, salfa yake, mimi ndiye mgeni. Salfa ikiisha, korosho zinaanza kudondoka, na kuanzia Oktoba hakuna mkulima anayetaka gari ya mtu asiyemjua chini ya mikorosho yake. Nisingetaka hata mimi.

Ukiniuliza miezi, basi, nakuambia ya kusi, katikati ya mwaka. Upepo unatoka kusini-mashariki, pwani yote kuanzia Mtwara mpaka Lindi inapoa, unaegesha mlango wa pembeni ukiutazama upepo na hata feni huwashi. Newala juu ya uwanda wa Makonde kuna baridi ya kujifunika blanketi, Bibo anapenda kuliko mahali pote, ila maji ni ya kuhangaikia, panda na madumu yako yamejaa. Msimbati usiende na Hiace kama hujui mchanga. Nilipunguza upepo kwenye matairi na bado vijana sita walinisukuma. Masika ni ya kukaa karibu na lami. Wanaokumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika, wanajua nyumba yenye magurudumu nayo inaweza kukwama kama nyumba nyingine.

Halafu watu na mbwa. Pwani yetu wengi ni Waislamu wa Kishafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi nzito: chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa ukilijua hilo umemaliza nusu ya ugomvi. Bibo ana sahani yake, kopo lake, na simpi mtu mkono bila kunawa. Kwa mama lishe anafungwa mbali, chini ya gari. Sijatukanwa hata mara moja. Wanaosumbua zaidi ni watoto wanaorusha mawe, na dawa yake ni kuwaita waje wamsalimie kwa mbali. Kichaa cha mbwa watu wanakiogopa, na wana sababu. Kadi ya chanjo ninayo kwenye dashibodi, natanguliza hiyo kabla ya maneno. Chanjo anaipata kwa watu wa mifugo wa halmashauri, kila mwaka. Ulizia karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika wakati huo.

Faida ya mbwa ni usiku. Nalala popote. Hata kwenye kizuizi cha barabarani, askari alifungua mlango wa pembeni kukagua mzigo, akasikia mngurumo toka chini ya kitanda, akaufunga taratibu. "Nenda, kaka. Nenda tu."

Hasara yake ni Kilwa. Nimeegesha Kilwa Masoko mara nne. Kutoka pale unakiona kisiwa cha Kilwa Kisiwani ng'ambo, magofu ya msikiti mkubwa na Husuni Kubwa, urithi wa dunia tangu 1981, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona. Nahodha hataki mbwa kwenye mashua, na mimi simwachi garini tena. Sijavuka.

Narudi kwa fundi. Kapeti lilikaa miezi mitatu. Mchanga, manyoya, kisha kupe: nilihesabu kumi na moja kwenye kona moja asubuhi moja. Nikaling'oa, nikatandika plastiki ya sakafuni, ile ya kufuta na tambara. Milango ya kabati alifunga kwa sumaku. Kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi kwenda Masasi, tuta la kwanza tu, sufuria zote chini. Nimeweka komeo. Na huo mninga ni mzito: dizeli naona imeongezeka, na springi za nyuma nimebadilisha. Kama ningeanza upya ningesema mbao nyepesi, madirisha yasiguswe, tundu la dari kwanza kabla ya kitanda. Fundi nampa nyota tatu kati ya tano, zote tatu za useremala. Maisha yenyewe nayapa nne. Ya tano iko Kisiwani.

Sasa hivi niko Mikindani, uani kwa mama mmoja, chini ya mwembe. Namlipa elfu tatu kwa siku, maji ya kisima humo humo, na simu za nyumba nzima zinachajiwa kwangu. Sharti lake ni moja, mbwa asipande barazani. Wiki iliyopita alilichungulia kabati langu la mninga, akapitisha kiganja juu yake, akauliza bei. Tulilitoa Jumamosi, watu wanne, likapita mlangoni kwa taabu. Dirisha la nyuma likaonekana, bado lina vumbi la karakana. Nimelifungua. Mama ameshapanga vikombe vyake vyote kabatini, na pale liliposimama, Bibo amelala mgongo chini, miguu juu, upepo wa bahari unampiga tumboni.