Tahadhari: Krimu ya mifuko ya macho inayopita kwenye magrupu ya akina mama Unguja

Asalaam alaykum wenzangu. Naandika haya na jicho la kushoto bado linanichonyota, kwa hiyo mkiona nimekuwa mkali mnistahamilie.

Kuna krimu inauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Iko kwenye kikopo cheupe kidogo chenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ati "inatoa mifuko na weusi chini ya macho kwa siku 14". Jina la muuzaji silitaji, na hata nikilitaja halitowasaidia: kwenye grupu letu ni bibi fulani, kwenye grupu la jirani yangu namba ile ile ina jina jingine na picha ya waridi. Bora niwaeleze mchezo wenyewe, maana jina habakii nalo.

Mie ni fundi cherehani. Ramadhani nzima nakesha na nguo za Idi, nikishakula daku ndio naweka ubavu chini. Mifuko ya macho ninayo tangu nina miaka thelathini na kitu. Mama yangu alikuwa nayo, na khalati wangu pia. Mwaka huu ikazidi mpaka wateja wakawa wananiuliza kama nalia usiku. Ndipo nikaziona zile picha mbili, kabla na baada, nikatuma shilingi elfu arubaini na tano kwa simu. Krimu ikaletwa na kijana wa bodaboda pale Mwanakwerekwe sokoni. Risiti hakuna. Juu ya kikopo pamebandikwa karatasi yenye ua na neno "Dubai" basi. Haina jina la aliyetengeneza, haina orodha ya vilivyomo, haina tarehe ya kuisha.

Maelekezo yalikuja kwa sauti, kwa lugha tamu kweli: "Kipenzi, paka usiku, na ukipaka uvue pete na bangili. Krimu hii haipatani na dhahabu wala fedha." Mie nikaona huyu mtu ana imani, ananihurumia pete yangu. Kumbe ile ndiyo sentensi iliyotakiwa initoe mbio. Krimu isiyotaka kugusana na dhahabu, fedha wala alumini ni ya kushukiwa kuwa na zebaki (mercury), madini yenye sumu, kwa sababu zebaki huzivaa hizo madini na kuziharibu. Dalili nyingine ni krimu kugeuka rangi ya kijivu ikikaa kwenye mwanga. Yangu niliiacha dirishani karibu na cherehani, na ukingoni ikawa kama majivu ya sigara. Sikuipima maabara, nasema nilichokiona.

Siku tatu za mwanzo, wallahi, nilifurahi. Ngozi ilikaza, ikang'aa, weusi ukapungua. Siku ya tisa nikaamka chini ya jicho panawaka kama nimepaka pilipili, pekundu, na mishipa midogo inaonekana. Nikamwandikia. Jibu: "Hiyo ni sumu inatoka, endelea, usiache." Nikaendelea siku mbili zaidi, niseme kweli nina aibu nayo hiyo. Nilipoacha, uvimbe ukarudi mkubwa kuliko wa mwanzo. Akanambia sasa inatakiwa krimu ya pili ya "kufungia", elfu thalathini na tano. Nilipoomba pesa zangu, akanifungia namba.

Usiku huo nikazirudia zile picha, safari hii kwa jicho la fundi. Picha ya "kabla" na ya "baada ya wiki tatu": mtandio ule ule, pini imechomwa pale pale, mkunjo wa kulia unaangukia ua lile lile la kitambaa, na kuna uzi mmoja umechomoka ukingoni, picha zote mbili, urefu sawa. Hakuna mwanamke anayefunga mtandio mara mbili ukakaa hivyo. Zimepigwa dakika moja. Ya kwanza taa iko juu ya kichwa, kivuli kinaanguka chini ya jicho. Ya pili amegeukia dirishani. Jaribuni wenyewe na simu zenu, mtajitoa mifuko bure. Fundi mzima nilitazama uso nikasahau nguo!

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya kuwaka, nikarudi na elimu. Daktari wa macho aliniambia nitazame dari bila kuinua kichwa. Mifuko ikajaa zaidi. Akasema hayo ni mafuta. Kila mtu ana mafuta yanayolizunguka jicho kama pamba kwenye boksi la glasi, na kuna utando unaoyazuia yasije mbele. Umri ukienda, au ukizaliwa kwenye ukoo wenye utando dhaifu, yanasukuma mbele na ngozi inalegea. Mifuko ya aina hiyo iko pale pale asubuhi na jioni. Hakuna krimu duniani inayoyarudisha mafuta ndani, iwe ya Dubai au ya Paris. Yanaondolewa kwa upasuaji tu. Mara nyingi daktari bingwa huingilia upande wa ndani wa kope la chini, kovu halionekani nje, na uvimbe na michubuko huchukua wiki mbili hivi kutulia.

Mifuko ya maji ni jambo jingine. Hiyo huwa mikubwa ukiamka na hupungua mchana. Husababishwa na kulala kifudifudi, kulia, kukosa usingizi, na chumvi. Hapo nikacheka, maana daku langu lilikuwa wali na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, na achari ya ndimu! Dawa yake ni ya bei rahisi: punguza chumvi usiku, ongeza mto mmoja, weka kitambaa cha maji ya baridi dakika kumi. Majani ya chai yaliyopoa nayo husaidia, lakini kinachofanya kazi zaidi ni ule ubaridi. Mwenye mzio, akifukiziwa udi au akitimuliwa vumbi anajikuna macho, huyo atibiwe mzio na aache kujisugua. Na weusi mara nyingine ni rangi ya ngozi yenyewe, au ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, au kivuli cha bonde lililo chini ya jicho. Kwa rangi, miwani ya jua na krimu ya kukinga jua hufaa. Zipo na krimu za kupewa na daktari wa ngozi, huenda polepole, kwa miezi.

Mnaona sasa? Sababu zote hizo, na yule bibi ana kikopo kimoja. Hakuniuliza hata swali moja isipokuwa "utalipia kwa mtandao gani?"

Kilichonitisha zaidi ni figo. Daktari alinibonyeza miguu, akanipima presha na mkojo. Macho kuvimba kila asubuhi huweza kuwa ni figo zinapitisha protini kwenye mkojo, hasa kama mkojo una povu na miguu nayo inavimba. Kwa watoto ndiyo dalili ya mwanzo mara nyingi. Na zebaki yenyewe huharibu figo. Yaani unaweza kupaka krimu ya kutoa uvimbe wa macho, ikakuletea ugonjwa wa kuvimbisha macho. Vipimo vyangu, alhamdulillahi, viko salama. Huko kuwaka na kurudi kwa uvimbe, daktari alisema kunafanana na krimu zenye steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho: zinakaza ngozi mwanzoni, kisha zinaifanya nyembamba, na ukiziacha inawaka. Zikipakwa karibu na macho kwa muda zinaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Tezi ya shingo pia huvimbisha macho. Kama macho yanatokeza, moyo unakwenda mbio na unakonda bila sababu, kapime damu. Na uvimbe wa jicho moja, mwekundu, unaouma, wenye homa, usingoje kesho.

Jengine: katika grupu lile lile kuna mtu anatangaza sindano ya "kujaza bonde la macho", anakufuata nyumbani. Msithubutu. Sindano hizo zipo kweli na madaktari waliosomea huzitumia, lakini ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kukupofua papo hapo. Si kazi ya kufanyiwa chumbani juu ya mkeka.

Mtaniambia nimekosa nini kwenye liwa na singo, vipodozi vya asili vya bibi zetu. Liwa haingenitoa mafuta, lakini angalau haikuniunguza.

Wenye kikopo hicho: kifungeni vizuri, msikitupe jaani, msimpe msichana wa kazi "amalizie". Zebaki hupita kwa mikono na mataulo. Mie nilikuwa nafutia taulo moja na mjukuu wangu wa miaka miwili, nikilifikiria hilo usingizi haunijii. Osheni mashuka na foronya. Changu nimekitia kwenye chupa ya jamu, na Jumatatu nakipeleka ZFDA, maana ndio wenye kazi ya kudhibiti chakula, dawa na vipodozi huku kwetu. Zile sauti zake nimezihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo. Aliyebaki na meseji zake asizifute, na anayetaka tuongozane anikute kibaraza cha cherehani kabla ya saa mbili asubuhi.